SOMO LA MWEZI: RIPOTI YA SHAMBA HUANDIKWA NA NANI?



Mboga, matunda na maua ya kanda yetu huondoka kwa ndege kwenda kuuzwa Ulaya. Katika kila sanduku limo jasho la aliyepalilia, aliyepiga dawa, aliyevuna, aliyepanga na aliyebeba. Lakini siku hizi sanduku halisafiri peke yake. Nyuma yake hufuata karatasi. Karatasi hizo husema kwamba shamba linatunza maji, kwamba dawa hupigwa kwa utaratibu, kwamba hakuna mtoto aliyeajiriwa, kwamba mshahara hulipwa kwa wakati na kwamba kila mfanyakazi amepewa vifaa vya kujikinga. Zikikusanywa huko kwa mnunuzi, karatasi hizo huwa sehemu ya kitabu kinachoitwa ripoti ya uendelevu.

Wengi wetu hatujapata kukiona kitabu hicho, ijapokuwa tumeandikwa ndani yake. Tumeandikwa kwamba tumefunzwa, tumelindwa na tumeridhika. Basi yafaa tujiulize: ni nani aliyeyaandika hayo, na alimwuliza nani?

Hilo ndilo somo letu la mwezi huu. Tunaomba lisomwe kwa sauti katika mikutano ya matawi, ili na ndugu wasiojua kusoma wapate kulisikia na kutoa maoni yao. Mwishoni yamewekwa maswali ya kujadili.

1. NENO "UENDELEVU" MAANA YAKE NINI?

Neno ni geni, lakini jambo lenyewe si geni. Wazee wetu walipovuna mahindi walichagua yale yenye punje nzuri wakayatundika juu ya meko, moshi uyalinde. Hiyo ilikuwa mbegu. Hata njaa ikibisha hodi, mbegu haikuguswa, maana anayekula mbegu amekula na mavuno ya mwaka ujao.

Uendelevu ni hivyo hivyo. Ni kufanya kazi leo bila kula mbegu ya kesho. Katika biashara ya mazao mabichi, mbegu ya kesho ni mambo matatu. La kwanza ni ardhi na maji: udongo usichoke, ziwa na mto visikauke wala kutiwa sumu. La pili ni watu: mfanyakazi aingiaye shambani akiwa na miaka 20 asitoke akiwa na miaka 35 mapafu yameharibika na mgongo umevunjika. La tatu ni haki katika malipo, kwa sababu mtu anayelipwa chini ya chakula chake anaendelea kuliwa kidogo kidogo, kama ile mbegu.

Angalieni jambo moja. Matajiri wengi hupenda kulizungumza lile la kwanza tu. Watapanda miti mlangoni, wataweka taa za jua, watahesabu maji kwa mita. Hayo ni mazuri na tunayaunga mkono. Lakini shamba linalotunza mti na kumchosha mpanda mti, hilo bado linakula mbegu.

2. RIPOTI HUZALIWA WAPI?

Ripoti haianzii Ulaya. Huanzia katika daftari la shambani. Mpiga dawa anapomaliza kazi, msimamizi huandika tarehe, jina la dawa, kiasi kilichotumika, sehemu iliyopigwa na siku ambayo watu wanaruhusiwa kuvuna. Mtunza ghala huandika glavu na mabuti yaliyotolewa. Karani huandika saa za kazi. Mwalimu wa usalama huwatia watu sahihi katika daftari la mahudhurio.

Kutoka hapo maandishi hupanda ngazi. Ofisi ya shamba huyajumlisha. Mkaguzi kutoka kampuni ya ukaguzi huja kuyatazama, akatoa cheti au akakinyima. Msafirishaji hupeleka cheti kwa mnunuzi, na mnunuzi humwonyesha mwenye maduka makubwa. Mwisho wa mwaka kampuni yenye maduka hutoa ripoti yake na kuwaambia wateja: "Mboga zetu zinatoka katika mashamba yaliyokaguliwa."

Kwa hiyo, ngazi yote hiyo imesimama juu ya lile daftari la chini. Likiandikwa uongo, uongo huo hupanda mpaka juu, na kila ngazi huutia muhuri mpya. Aliye juu kabisa huenda akawa mtu mwaminifu, lakini anasoma tu alichoandikiwa.

3. CHETI KINAULIZA NINI?

Vyeti ni vingi. Kinachojulikana zaidi katika mboga na matunda ni kile cha GLOBALG.A.P. Kilianzishwa mwaka 1997 na wenye maduka ya Ulaya kwa jina la EUREPGAP, na mwaka 2007 kikabadilishwa jina. Kanuni zake zimegawanywa mafungu. Yapo masharti makuu, na shamba halina budi kuyatimiza yote. Yapo masharti madogo, na shamba latakiwa kutimiza 95 katika kila 100. Halafu yapo mapendekezo tu.

Mengi ya maswali hayo yahusu dawa, maji, usafi na usalama wa chakula. Kwa habari ya wafanyakazi ipo nyongeza yake iitwayo GRASP. Hiyo huuliza kama wafanyakazi wana mwakilishi wao, kama wana mikataba ya kazi, kama hupewa stakabadhi za mshahara, kama saa za kazi huandikwa, na kama kuna njia ya kupeleka malalamiko.

Hatusemi kwamba vyeti havina faida. Yapo mashamba ambayo hayakuwa na choo wala maji ya kunawa mpaka cheti kilipodaiwa. Ipo sumu kali iliyotolewa ghalani kwa sababu mnunuzi alikataa mazao yenye alama yake. Hiyo ni faida ya kweli, tusiidharau. Tunachosema ni kwamba cheti hujibu swali lililoulizwa, siku lilipoulizwa, kwa mtu aliyeulizwa. Zaidi ya hapo hakijui.

4. SIKU YA MKAGUZI

Sisi tunaoandika kurasa hizi tumetembelea matawi mengi, na baadhi yetu tumevuna na kupakia kwa mikono yetu. Katika shamba moja, ambalo hatulitaji, tuliyaona haya.

Mkaguzi alitazamiwa siku ya Jumatano. Jumatatu nyapara akaja na glavu mpya. Jumanne choo kikapakwa chokaa na sabuni ikaonekana, kitu kilichokuwa adimu tangu Krismasi. Jioni hiyo vibarua wasio na mkataba wakaambiwa: "Kesho msije, mtarudi Alhamisi." Waliobaki wakapitishiwa daftari la mafunzo ya dawa, watie sahihi. Mafunzo yenyewe hayakufanyika. Ndugu mmoja aliuliza, "Tumefunzwa lini?" Akajibiwa, "Tia sahihi, unataka soko lipotee?" Akatia.

Jumatano mkaguzi alifika. Alikuwa mtu mpole, alisoma madaftari kwa makini kwa muda mrefu ofisini. Kisha akatembea shambani pamoja na meneja. Aliwauliza wafanyakazi wachache, waliochaguliwa na ofisi, nyapara akiwa amesimama hatua tano. Sera ya kampuni ilikuwa imebandikwa ukutani kwa Kiingereza kizuri, ambacho wavunaji wengi hawakisomi. Akaondoka jioni. Ijumaa glavu zilikusanywa zikarudishwa ghalani.

Hebu tutazame ni nani aliyesema uongo hapo. Meneja alisema uongo, ndiyo. Lakini na sisi tulitia sahihi. Hatusemi haya ili kumlaumu mnyonge, maana tunajua njaa ya watoto ni nini. Tunasema ili ieleweke kwamba sahihi yetu ina thamani. Kama haina thamani, mbona ilitafutwa?

5. CHETI HAKIZIMI MOTO

Ndugu zetu wa viwandani wanalo funzo chungu juu ya jambo hili. Katika mji wa Karachi, Pakistani, kilikuwako kiwanda cha nguo kilichoitwa Ali Enterprises. Mwezi Agosti 2012 kilipewa cheti cha SA8000, ambacho ni cheti cha hali ya wafanyakazi. Tarehe 11 Septemba 2012, wiki chache tu baadaye, kiwanda kiliwaka moto. Watu zaidi ya 250 walikufa. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ya kutokea ilikuwa imefungwa.

Mwaka 2020 mahakama ya Pakistani iliwatia watu hatiani kwa kukichoma kiwanda hicho. Lakini kwetu wafanyakazi swali linabaki pale pale. Yeyote aliyewasha moto, kwa nini watu hawakuweza kutoka? Mshona nguo wa kila siku aliujua mlango uliofungwa. Aliyeandika cheti hakuujua, au hakuutaja.

Mfano mwingine ni wa sumu. Mwaka 1977, huko California, Marekani, wafanyakazi wa kiwanda kimoja kilichotengeneza dawa ya kuua minyoo ya udongo iitwayo DBCP walizungumza wenyewe kwa wenyewe wakaona jambo la ajabu: wengi wao walikuwa hawapati watoto. Walikwenda kupimwa kwa msaada wa chama chao. Ikaonekana kwamba mbegu zao za uzazi zimepungua sana, na wengine hawakuwa nazo kabisa. Mwaka 1979 Marekani ilizuia karibu matumizi yote ya dawa hiyo nchini mwake. Lakini katika mashamba ya ndizi ya Amerika ya Kati iliendelea kutumika kwa muda hata baada ya hatari yake kujulikana, na maelfu ya wafanyakazi wa huko walikuja kudai fidia mahakamani.

Hatari hiyo iligunduliwa na watu walioketi pamoja wakalinganisha maisha yao. Kumbe mazungumzo ya wafanyakazi nayo ni kipimo, sawa na kipimo cha maabara. Kikwazo ni kwamba mazungumzo hayaandikwi, na kisichoandikwa hakiingii katika ripoti.

6. SHERIA ZA NCHI ZA WANUNUZI

Kwa nini wanunuzi wanadai karatasi nyingi kuliko zamani? Sababu moja ni sheria za nchi zao.

Uingereza ilipitisha mwaka 2015 sheria juu ya utumwa wa siku hizi. Kampuni yenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka ni lazima itangaze kila mwaka imefanya nini kuzuia utumwa katika kazi zake na kwa wale wanaoiuzia. Lakini tazameni vizuri: kwa sheria hiyo, kampuni ikitangaza kwamba haijafanya lolote, imetimiza sharti la kutangaza.

Ufaransa ilipitisha yake mwaka 2017, ikitaka makampuni makubwa sana yawe na mpango wa kuzuia madhara na kuutekeleza. Ujerumani ilipitisha sheria mwaka 2021, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2023. Hiyo ilitaka kampuni iwe na njia ya malalamiko ambayo hata mfanyakazi wa shamba la mbali linaloiuzia kampuni hiyo anaweza kuitumia. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria ya ripoti za uendelevu mwaka 2022, na sheria ya kuyataka makampuni yachunguze madhara katika mnyororo wao wa biashara mwaka 2024.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya uliahirisha sehemu za sheria hizo na kuanza kuzipunguza, kwa maelezo kwamba karatasi zimekuwa mzigo kwa makampuni. Ujerumani nayo ilianza hatua za kuondoa sharti la ripoti katika sheria yake.

Tunapata funzo gani? Sheria ya nchi ya mbali yaweza kutusaidia, na pale inapotupa mlango tuutumie. Lakini mlango huo umo mikononi mwa wengine. Leo umefunguliwa, kesho umerudishwa nusu. Haifai tujenge usalama wetu juu yake peke yake. Msingi wetu ni chama chetu, mkataba wetu wa pamoja na mwajiri, na sheria za kazi za nchi zetu wenyewe. Pia lipo Shirika la Kazi la Kimataifa. Mapatano yake namba 184 ya mwaka 2001, juu ya usalama na afya katika kilimo, yanasema mfanyakazi ana haki ya kuelezwa hatari za kazi, ya kuchagua wawakilishi wa usalama, na ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu bila kuadhibiwa kwa kufanya hivyo. Na mwezi Juni 2022 shirika hilo liliongeza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za wafanyakazi wote duniani.

7. HOFU YA KUPOTEZA SOKO

Sasa tufike penye mfupa. Wengi wenu mtasema: "Tukisema kweli, mnunuzi ataondoka, shamba litafungwa, tutakula nini?"

Hofu hiyo si ya kijinga. Jirani zetu wa Kenya waliionja. Mwishoni mwa 2012 mishiri, yale maharage machanga ya kijani yanayoliwa pamoja na maganda yake, yalikutwa huko Ulaya na mabaki ya dawa iitwayo dimethoate kupita kiasi kilichoruhusiwa. Kuanzia Januari 2013 Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba katika kila shehena 100 za maharage na njegere za maganda kutoka Kenya, 10 zipimwe. Gharama na ucheleweshaji huo uliwaumiza wakulima wadogo na watu wa mabanda ya kupakia, ambao hawakuwa na kauli katika uchaguzi wa dawa.

Lakini fikirini: ni nini kilichowaponza? Si kusema kweli. Ni dawa iliyopigwa bila kufuata kipimo na siku za kungoja, na madaftari ambayo hayakuonyesha hatari mapema. Maabara ya Ulaya haisomi daftari. Inapima jani. Uongo wa karatasi hulinda shamba mpaka siku ya kipimo, na siku hiyo anayeachishwa kazi kwanza ni kibarua.

Tena ni vizuri tujue utaratibu wa ukaguzi wenyewe. Mkaguzi akiona kasoro, cheti hakichanwi palepale. Katika utaratibu wa GLOBALG.A.P., shamba ambalo tayari lina cheti hupewa siku 28 kurekebisha kasoro na kuonyesha ushahidi. Basi yule nyapara asemaye "mkisema neno moja soko limekwisha" ama hajui, ama anajua na anatutisha. Kasoro iliyosemwa mapema hutengenezwa, na iliyofichwa huendelea kukua.

Hata hivyo tusiende mmoja mmoja. Mtu mmoja akisema, ataitwa mchochezi. Tawi likisema kwa barua yenye muhuri, ofisini wataisoma kama taarifa. Njia yetu iwe hii: kwanza tuzungumze tawini, kisha tupeleke jambo kwa mwajiri kwa maandishi na kumpa muda wa kulitengeneza. Asipolitengeneza, twende kwa ofisa wa kazi wa serikali na makao makuu ya chama. Mkaguzi na mnunuzi wafuate baada ya hapo. Lakini penye hatari ya uhai, hakuna kungoja ngazi.

8. NYANYA ZA FLORIDA

Je, yako mahali ambapo wafanyakazi wameshika kalamu wenyewe? Yako. Tuchukue mfano wa wavuna nyanya wa Florida, Marekani.

Wengi wao ni wahamiaji kutoka Meksiko, Guatemala na Haiti. Hulipwa kwa ndoo. Ndoo moja ni ratili 32 za nyanya, yaani karibu kilo 14 na nusu. Miaka mingi walidaiwa wajaze ndoo mpaka iwe na kichuguu juu ya ukingo, na kile kichuguu hakikulipwa. Ninyi mnaopimiwa majani au kahawa na kukatwa kilo mnalijua jambo hili bila kuelezwa zaidi. Wanawake walisumbuliwa na wasimamizi. Kesi kadhaa za utumwa kabisa zilifika mahakamani.

Mwaka 1993 wavunaji wa mji mdogo wa Immokalee walianza kukutana, wakaunda umoja wao, Coalition of Immokalee Workers. Mwanzo walipambana na wenye mashamba peke yao. Baadaye waliona kwamba bei hupangwa na makampuni makubwa yanayonunua nyanya. Mwaka 2001 wakatangaza mgomo wa wateja dhidi ya mikahawa ya Taco Bell. Mgomo ulidumu miaka minne. Mwaka 2005 kampuni ilikubali kulipa senti moja zaidi kwa kila ratili, ili ipelekwe kwa wavunaji. McDonald's ikafuata mwaka 2007. Mwishoni mwa 2010 chama cha wenye mashamba ya nyanya nacho kilikubali, na mwaka 2014 Walmart ikaingia.

Sasa tuutazame mpango wao, maana ndiyo shabaha ya somo hili. Kwanza, kanuni zenyewe ziliandikwa na wavunaji. Ndiyo maana imo kanuni ya kukataza kichuguu cha ndoo, jambo ambalo mtu wa ofisini asingelifikiria. Pili, mafunzo hutolewa na wafanyakazi kwa wafanyakazi, shambani, na saa hizo hulipwa. Tatu, ipo simu ya malalamiko inayopokewa mchana na usiku. Nne, wakaguzi huzungumza na angalau nusu ya wafanyakazi wa shamba, hawatosheki na watatu walioletwa na meneja. Tano, na hii ndiyo nguzo, wanunuzi wametia sahihi mkataba kwamba shamba likisimamishwa, hawatanunua kwake mpaka litengenezwe. Malalamiko ya mvunaji yamepata meno.

Hatusemi tuige kila kitu, maana nchi na sheria zetu ni tofauti. Lakini jambo moja tulichukue: ripoti yao ina ukweli kwa sababu aliyeripotiwa ndiye mmoja wa waandishi.

9. TUFANYE NINI KATIKA TAWI?

Hatuna haja ya kungoja miaka. Haya yanaweza kuanza mwezi huu.

(a) Daftari la tawi. Linunuliwe daftari moja, lishikwe na katibu wa kamati ya usalama. Kila jambo liandikwe hivi: tarehe, mahali, kilichotokea, walioona, aliyearifiwa, na jibu alilolitoa. Liandikwe lililoonekana kwa macho, si la kusikia. Tusiongeze chumvi, kwa kuwa uongo mmoja utaharibu kweli kumi. Wala tusichukue karatasi za ofisi bila ruhusa. Daftari letu latosha. Likae mahali salama, na majina ya ndugu waliolalamika yasitolewe bila ridhaa yao.

(b) Kumbukumbu ya kila mtu. Andika saa uliyoingia na saa uliyotoka, kilo ulizopimiwa, siku za saa za ziada. Tunza kila stakabadhi ya mshahara. Ukitofautiana na karani, uwe na cha kuonyesha.

(c) Dawa. Tudai ubao kwenye kila sehemu iliyopigwa dawa, uonyeshe jina la dawa, saa ilipopigwa na saa ya kuingia, kwa lugha tunayoijua. Kuingia kabla ya muda ni kuingia katika sumu. Mtu akitokwa na jasho na mate mengi, akaona ukungu, akaumwa kichwa, akatapika au misuli ikatetemeka, aondolewe hapo mara moja, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa sabuni na maji mengi, kisha apelekwe zahanati pamoja na karatasi au maelezo ya dawa hiyo. Anayemwosha avae glavu. Halafu liandikwe katika daftari.

(d) Sahihi. Usitie sahihi ya mafunzo usiyoyapata. Ikiwa ni vigumu kukataa peke yako, tawi lipeleke ombi kwa maandishi: "Tupeni mafunzo kwanza, kisha tutatia sahihi." Ni ombi ambalo hakuna mkaguzi awezaye kulilaumu.

(e) Siku ya ukaguzi. Ukaguzi huwa na kikao cha kufungua na kikao cha kufunga. Tawi liombe mwakilishi wake awepo katika vyote viwili. Liombe pia wafanyakazi wachaguliwe na mkaguzi mwenyewe, wakiwamo vibarua, wanawake na wapiga dawa, na wazungumze mbali na wasimamizi. Tukumbuke kwamba ukaguzi mwingine huja bila taarifa. Kwa GLOBALG.A.P., mashamba 10 katika kila 100 yenye cheti hutembelewa hivyo.

(f) Mkataba. Katika mazungumzo yajayo na mwajiri tuweke kifungu hiki: chama kipewe nakala ya kila ripoti ya ukaguzi na orodha ya kasoro zilizopatikana, pamoja na tarehe za kuzitengeneza. Ikiwa ripoti inatuhusu, tuna haki ya kuisoma.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika shamba au kiwanda chetu, ni madaftari gani yanayoandikwa juu yetu? Ni nani anayeyaandika?

2. Mkaguzi alipokuja mara ya mwisho, ni kitu gani kilibadilika siku mbili kabla yake? Kilirudi vipi siku mbili baada yake?

3. Ni hatari gani ambayo kila mfanyakazi wa hapa anaijua, lakini haijaandikwa popote?

4. Vibarua wa msimu wanawakilishwa na nani? Je, sisi wenye mikataba tumewahi kuwauliza?

5. Kama tungepewa ukurasa mmoja tu katika ripoti ya kampuni, tungeandika nini?

Tunaomba matawi yatuletee majibu ya swali la tatu na la tano. Msitaje jina la mtu wala la shamba ikiwa kufanya hivyo kutamletea ndugu yeyote madhara. Majibu hayo ndiyo yatakayokuwa mwanzo wa somo lijalo, litakalohusu namna ya kuandika kifungu cha usalama katika mkataba wa pamoja.

Ndugu, zamani tuliambiwa tuwe mikono tu, na wengine wawe macho na vinywa. Lakini aliyeinama kwenye mtaro ndiye anayejua maji yananuka nini. Basi tuliandike, tuliseme pamoja, na tulisimamie.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.